Watu Wanne Walioisifu Dawa ya Tairi

Katoro, alasiri

Mwanangu Minza,

Ile marahaba niliyokuitikia asubuhi haikuwa marahaba. Ulikuwa mlio tu wa mtu aliyenuna, na wewe uliusikia hivyo, maana uliinuka pale ulipopiga goti ukaondoka kwenda kumuaga shangazi yako hata chai hujanywa. Basi ipokee sasa kwa maandishi: marahaba, mama. Marahaba sana. Hasira bado ninayo, lakini salamu ni haki yako.

Naandika nikiwa hapa kwetu pa kuoshea magari, nimekalia ndoo iliyogeuzwa, kwa sababu nyumbani mama yako ameijaza sebule mabegi na hakuna pa kukaa. Kesho saa kumi na mbili asubuhi unapanda basi la Mwanza kwenda kuanza kazi. Habari za maji ya kuchemsha, za komeo la mlango, za kanisa na za kutoshinda na chipsi, mama yako ameshakueleza zote, tena mara mbili mbili. Mimi siongezi kitu hapo. Mimi nina jambo moja ambalo limenikaa kooni miaka sita, na jana wewe mwenyewe umelichokoza bila kujua.

Tuanze na boneti.

Jana saa saba mchana, jua liko utosini, bati la gari linaunguza kiasi cha kukaangia yai, ulitoka na kile kikopo cha kuondoa mikwaruzo ulichotumiwa na hilo duka lako jipya. Ukapaka kwenye boneti ya gari letu. Hukuosha kwanza, hukufuta vumbi, hukulivuta gari kivulini. Mtoto uliyekulia kwenye maji ya kuoshea magari! Nilipofika mimi, boneti ilikuwa imeshaota madoa meupe, na vumbi letu jekundu lilikuwa limegandia humo humo. Nilipokuuliza ni nani alikutuma, ulinitolea simu.

"Baba, ina nyota nne na nusu. Soma mwenyewe, watu kibao wameisifu."

Nikakwambia hao watu kibao siwajui. Ndipo uliponijibu, mbele ya madereva wawili waliokuwa wanasubiri magari yao, "Baba, wewe hujui mambo ya mtandaoni."

Walicheka. Mimi nikachukua ndoo kwenda kuiosha boneti, na nadhani ulifikiri umenishinda. Minza, ukweli ni kwamba nayajua mambo hayo kuliko ambavyo ningependa mwanangu ajue. Nilikimbilia ndoo kwa sababu niliona kama mtu amenisomea barua yangu ya siri hadharani.

Hata hilo la boneti ningelimeza. Rangi hupigwa upya. Kilichonitoa jasho ni kile ulichokifanya jioni yake. Nilikuona unazunguka na vile vikopo vidogo vya kuonjesha. Ukampa kinyozi, ukampa mama muuza mbogamboga ambaye hata baiskeli hana, na kila mmoja ukamwomba akuandikie nyota tano. Umesema bosi wako anataka ufike na sifa mkononi. Halafu ukaja hapa kwenye pampu, ukamwinamia Mjomba wako Masanja.

"Mjomba, keshokutwa asubuhi nikurekodi kidogo? Useme tu ni nzuri."

Nakumbuka alivyokujibu, maana nilikuwa nimeshika bomba la maji hatua nne kutoka hapo.

"Mayu, mama yangu, umenipa kwa mkono wako, sasa mimi nitasemaje ni mbaya? Nitakuja stendi na lile shati langu jeupe, unirekodi vizuri."

Akacheka, akauvuta ule mguu wake usiokunjika, akarudi kwenye pampu. Maji ya bomba yalikuwa yananijaa kwenye viatu na mimi sina habari.

Sasa kaa chini usome, na usiruke.

Ulipokuwa kidato cha tatu, alikuja hapa bwana mmoja kutoka Mwanza mwenye ukurasa wa kuuza dawa za magari. Si hao waliokuajiri wewe, huyo alishafunga ukurasa wake zamani. Alishusha katoni nzima ya dawa ya kung'arisha tairi, akaniambia, "Bure kabisa, mzee wangu. Wewe tumia, halafu andika ulivyoiona." Katoni nzima! Mimi ambaye wauzaji wote walikuwa wananipita wakienda kwa wenye sehemu kubwa Kahama, leo nimekumbukwa na mtu wa Mwanza.

Unajua sisi tulivyolelewa. Unamkumbuka bibi yako Holo siku ile jirani alipomletea kuku? Yule kuku alikuwa mwepesi, amebaki manyoya na macho. Bibi akampokea kwa mikono miwili, akampima mkononi, akashukuru kwa Kisukuma chake, "Wabeja, wabeja! Kuku huyu amenona." Hakuna aliyemwona mwongo. Ukipewa kitu unakisifu, mwenye kutoa aende kwake na moyo mweupe. Ni adabu nzuri na sitaki uiache. Lakini bibi yako alimsifia kuku mbele ya aliyemtoa, mlangoni pake, basi. Hakuandika ukutani sokoni kwamba kila mwenye njaa akanunue kuku kwa yule jirani.

Mimi niliandika ukutani sokoni. Na sikulijua hilo, nilijiona namshukuru tu yule bwana.

Siku ile ile, hata saa moja haijapita, nilipaka tairi moja la gari la mgodini lililokuwa limeegeshwa hapa. Moja tu, Minza, upande wa barabarani. Nikapiga picha likiwa bado linatiririka maji. Wewe umekua hapa, unajua gari lililoloa linang'aa hata usipolipaka chochote, hata lile la mzee wa makarasha ya kusaga mawe ya dhahabu, lenye rangi inayobanduka. Nikaweka nyota tano na kuandika kwamba sijawahi kuona dawa safi kupitiliza kama hii.

Yule bwana akanipigia simu jioni. Alishukuru sana, halafu akasema, "Mzee wangu, peke yako hutoshi. Mtu akiona sifa moja anapita. Kwani huna ndugu?"

Ndugu ninao. Nikawatumia.

Wa pili nikamwandika mama yako, nikamhamishia Kahama na kumpa gari dogo la kupelekea watoto shule. Wa tatu nikamfufua babu yako. Mzee yule aliyekufa hajawahi kushika usukani wa kitu chochote zaidi ya jembe la ng'ombe, nikampa basi dogo la kubeba wafanyakazi wa mgodi wa Bulyanhulu. Wa nne ukawa wewe. Nilikuweka mgodini Buzwagi, dereva wa kike, mwenye gari kubwa jeusi. Nikaandika kwa jina lako kwamba umeitumia dawa hiyo miezi sita, masika na kiangazi, wakati katoni ilikuwa haijalala hata usiku mmoja ndani ya nyumba yetu. Na kwa kuwa niliona wale wengine wote wamesema kitu kimoja, nikataka wewe uonekane mtaalamu zaidi. Nikaandika, "Paka tairi lote, usibanie, inakaa kila mahali."

Nitakwambia ukweli ambao unaniudhi kuliko yote: nilifurahia. Nilikaa kwenye kiti pale uani nikicheka peke yangu. Mama yako aliponiuliza nacheka nini, nilimwambia ni vichekesho vya mtandaoni.

Mjomba Masanja wakati huo, kama unakumbuka, alikuwa bado bodaboda. Na si bodaboda tu. Pikipiki yake ilikuwa inafutwa asubuhi, mchana na jioni, na abiria mwenye viatu vya tope alikuwa anaambiwa avue. Msafara wa harusi ukipita hapa Katoro, unajua mambo yanavyokuwa: pikipiki zinatangulia gari la maharusi, ringi zinang'aa, tairi nyeusi ti, na watu wa barabarani wanawatazama wao kabla ya bibi harusi. Kulikuwa na harusi ya mtoto wa tajiri mmoja wa dhahabu, na Masanja aliteuliwa kuongoza. Kwake hilo lilikuwa jambo la kufa na kupona.

Alikuja hapa siku moja kabla, simu mkononi, amefurahi.

"Shemeji, naona umeisifia dawa ya tairi."

"Eeh, nimeisifia."

"Unajua mimi siamini mtu mmoja, hata awe wewe. Wewe kila kitu kwako ni kizuri." Akaanza kuhesabu kwa vidole. "Lakini nimesoma, nikaona kuna mama wa Kahama. Kuna mzee anabeba watu wa Bulyanhulu. Halafu kuna dada mmoja wa Buzwagi, huyo ndiyo anaijua hasa, anasema paka tairi lote. Watu wanne, shemeji! Watu wanne hawawezi kukosea wote."

Alinyoosha vidole vyake vinne mbele ya uso wangu. Minza, vidole vyote vinne vilikuwa mimi.

Kama kuna saa moja maishani mwangu ningeomba nirudishiwe, ni ile. Nilihitaji kusema maneno machache tu: "Masanja, ni mimi huyo." Angenicheka wiki nzima. Angewaambia bodaboda wenzake, wangeniita mama wa Kahama mpaka leo, na mguu wake ungekuwa mzima. Lakini niliona haya. Mtu mzima, shemeji mtu, kukiri kwamba nilikaa uani nikijifanya binti wa Buzwagi! Nikaingia ndani, nikamtolea chupa moja, nikamwambia, "Ni nzuri. Chukua, mimi nimepewa."

Akaipokea kwa mikono miwili.

Tairi la gari unapaka ubavuni, sehemu inayotazamwa. Haigusi barabara. Tairi la pikipiki halina ubavu wa maana, lote linaonekana, na kwenye kona pikipiki inalala, kwa hiyo hapo hapo ulipong'arisha ndipo panaposhika lami. Mimi nimeosha magari miaka yote hii na jambo hilo halikunipita akilini hata kidogo, maana niliyemwandikia sifa nilimfikiria ana gari, nami mwenyewe nilijaribu kwenye gari lililosimama. Masanja alifuata maelekezo ya mtaalamu. Alipaka lote, hakubania.

Alianguka kona ya sokoni, ngoma zikilia, akiwa hata hakimbii. Pikipiki ililala kumfuata ilivyozoea, safari hii haikuinuka. Wengine nyuma yake waliwahi kukwepa. Alikuwa amevaa shati jeupe. Goti la kulia lilisagika chini ya injini, na walipomfungua plasta baada ya miezi mguu ukawa umekataa kukunja.

Hospitalini nilikuwa wa kwanza kufika. Alinishika mkono akasema, "Shemeji, ni mafuta ya lori. Pale kona wamemwaga mafuta." Nikasema, "Eeh, nadhani ni mafuta." Watu wote wakasema ni mafuta, na mpaka leo anasema ni mafuta. Hata wewe umekua ukiambiwa ukipita kona ile uangalie mafuta.

Nilirudi nyumbani nikachukua chupa iliyobaki. Ilikuwa na karatasi kubwa ya yule bwana imebandikwa juu, yenye jina la ukurasa wake na namba yake ya simu. Nikaiambua kwa kucha. Chini yake, kwenye lebo yenyewe ya kiwandani, kulikuwa na picha ndogo ya pikipiki imekatwa kwa mstari mwekundu. Ilikuwepo siku zote, chini ya lile tangazo. Na mimi sikuwahi kuitazama ile chupa kwa zaidi ya kusoma jina lake.

Baadaye nikampa Masanja kazi ya pampu hapa. Watu wakanisifu. "Baba Minza ana moyo, kamchukua shemeji yake mlemavu." Mchungaji alinitaja kanisani. Mama yako alilia siku ile na kunipikia kuku. Kila nikisifiwa nanywea, na watu wanadhani ni unyenyekevu. Zile nazo zilikuwa nyota tano nisizostahili, na sikumkatalia hata mmoja.

Kwa hiyo unaponiambia sijui mambo ya mtandaoni, mwanangu, elewa kwa nini nilitaka kutupa bomba chini.

Tangu hapo nimekuwa msomaji wa maoni ya watu kupita kiasi. Mama yako ananiuliza nasoma nini, namwambia mpira. Nasoma sifa za shampuu ambazo sitanunua. Nasoma habari za polishi za nchi ambazo hazina hata vumbi. Na nakasirika kila siku! Mtu anaandika "bidhaa bora, imefika kwa wakati" na anatoa nyota tano. Imefika kwa wakati! Kwani ilikuwa mgeni wa harusi? Hajaifungua hata kifuniko. Mwingine anaweka picha mbili, kabla na baada, ya kwanza gari liko kivulini, ya pili liko juani na limeloa, na chini ya gari unaona kabisa kidimbwi cha maji. Mimi siku hizi siangalii gari, naangalia ardhi chini yake. Ardhi ikiwa mbichi, napita.

Ninayemwamini ni yule anayelalamika kidogo. Anasema ana gari gani, analipitisha wapi, aliipaka lini na leo ni lini. Anasema ilimng'aria wiki mbili, kisha kiangazi kilipoanza ikawa inashika vumbi kuliko gari ambalo halijapakwa kitu, ikabidi aioshe kwa tabu. Huyo kaitumia. Mara nyingi ana nyota tatu na hakuna anayemsoma, kwa sababu wote mnakimbilia juu kwenye tano. Mtu akiniambia dawa haina kasoro hata moja, najua ama kapewa, ama hajaitumia, ama ni mimi.

Na wanaotukana nao usiwabebe wazima wazima. Mwaka jana dalali mmoja wa dhahabu alikuja hapa anatoa povu kwamba waksi fulani imemharibia rangi, ameshaiandika vibaya kila mahali, anataka na mimi niiandike. Nikamuuliza aliipaka vipi. Aliosha gari kwa sabuni ya unga ya kufulia, akapaka waksi saa nane mchana bati likiwa moto, akaenda kula, akarudi jioni kuifuta. Nikamwambia, mzee, waksi haina kosa. Akanuna mpaka leo, anaoshea kwingine. Wewe na boneti yangu mna undugu na huyo dalali, kwa hiyo usije ukaandika kwamba kile kikopo ni kibaya. Hatujui kama ni kibaya. Tunachojua ni kwamba kilipakwa vibaya, na hilo nalo lingemfaa mtu mwenye jua kama letu kulisoma.

Ukitaka kujua kama wengi ni wengi kweli, sikiliza wanavyosema. Wale wanne wangu wote walisema "safi kupitiliza". Mama wa Kahama, mzee wa Bulyanhulu, dada wa Buzwagi na mwosha magari wa Katoro, wote siku moja, kwa msemo mmoja ambao hapa mtaani nausema mimi tu. Mama yako angesoma angenitambua kabla hajamaliza mstari. Masanja alikuwa ananisikia nikiusema kila siku na hakuunganisha, kwa sababu alitaka tairi zing'ae. Simlaumu. Na wewe ulitaka boneti ing'ae ili baba yako akusifu kabla hujaondoka. Hilo nimelielewa leo asubuhi, umeshaondoka, na limeniuma. Ndiyo maana marahaba ikawa vile.

Sikwambii uache kazi. Nimejivunia kazi hiyo kwa watu wote wanaoosha magari hapa, mpaka wamechoka. Lakini bosi wako akikwambia ulete sifa, mpelekee za watu waliotumia, na kama hawajatumia mwambie hawajatumia. Ukimpa mtu kikopo bure, andika kwamba alipewa bure. Akinuna, mwache anune. Najua ni rahisi kwangu kusema hivi nikiwa nimekaa kwenye ndoo, na wewe ndiye utakayesimama mbele yake. Mimi nilishindwa mbele ya mtu wa kwenye simu, tena mpole.

Kuna jambo moja siwezi kulifanya bila wewe. Yale maoni matatu niliyafuta mwenyewe, ya kwangu, ya mama yako na ya babu. Ya nne yamebaki. Yule bwana alifunga ukurasa wake, lakini kule sokoni mtandaoni alikokuwa anauzia, dawa ile bado ipo, wanaiuza wengine, na maoni yenye jina lako yapo juu kabisa. Nimeyaona tena jana baada ya wewe kuondoka na vikopo vyako. Akaunti ile niliifungua kwa laini ya pili niliyokuwa nayo, na ulipokwenda chuo ndiyo laini niliyokupa. Namba ya siri nimeisahau, na wakitaka kuithibitisha wanatuma ujumbe kwenye simu yako. Miaka miwili sasa nilitaka kukuomba unisomee hizo tarakimu, na kila mara nikaona utaniuliza ni za nini.

Ni za nini, basi umejua. Ingia. Usiyafute tu, maana ukiyafuta mtu mwingine wa harusi atakuta pamekaa kimya na kununua. Yageuze. Andika kwamba hukuwa na gari, ulikuwa mwanafunzi, na aliyeandika ni baba yako. Andika kwamba si ya pikipiki. Andika goti.

Kuhusu Mjomba wako, nakuomba usimrekodi akisema "ni nzuri". Uliona alivyokubali, hata hakuuliza ni kitu gani. Kwake kilichotoka mkononi mwako ni kizuri, na kilichotoka mkononi mwangu kilikuwa kizuri vile vile.

Naandika mstari huu pampu imezimwa. Jua limeanza kuinama na magari yamekwisha. Masanja amekaa pale kwenye tofali, amenyoosha mguu, anafuta kikopo ulichompa kwa kitambaa kana kwamba kina dhahabu. Ananiuliza kwa sauti, "Shemeji, unaandika nini kutwa nzima?" Nimemwambia asubiri kidogo, namalizia, nina neno naye.

Nikitoka kwake nitakuja nyumbani nikupe barua hii mkononi, usome kabla hujalala. Sijui atasema nini. Anaweza kunipiga, na mguu ule bado una nguvu. Anaweza kuondoka asirudi kwenye pampu tena, na mama yako ataniuliza kaka yake yuko wapi, na itabidi nimwambie na yeye.

Kesho akija stendi na shati lake jeupe, mrekodi ukitaka, lakini usimpangie la kusema. Asipokuja, usimpigie simu kumuuliza wala usinitetee. Hayo yatakuwa maoni juu ya baba yako, ya mtu aliyenitumia miaka yote hii bila kujua kilichokuwa chini ya karatasi. Yaamini.

Wako,
Baba